Mkono wa Kaari na Kipanya cha Safari

Jumatatu Kaari alikuwa Ruiri. Jumatano alikuwa Mikinduri. Ijumaa alikuwa Mitunguu, na Mitunguu ndiko alikozaliwa. Siku hizo zote alibeba begi jeusi begani, na ndani yake mlikuwa na kompyuta ya kubeba. Ilikuwa nzito. Jioni ikifika, bega lilimuuma mpaka shingoni.

Huo ulikuwa mwaka wa 1997. Kompyuta zilikuwa chache sehemu hizo, na watu waliizunguka ya Kaari kama wanavyomzunguka ng'ombe wa gredi sokoni. Wengine walitaka tu kuigusa. Bibi mmoja wa Mikinduri aliuliza inakula nini.

Kaari alikuwa karani wa muungano wa vikundi vya maji. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu. Mkulima fulani atafunguliwa maji siku fulani, saa fulani. Alikaa na wakulima, akasikia shida zao, akayapanga majina kwenye kompyuta. Kisha alirudi ofisini Meru mjini, akachapisha karatasi. Karatasi iliteremka Mitunguu na lori la ndizi, ikabandikwa kwenye mlango wa stoo.

Karatasi ikishabandikwa, basi. Antony, kijana aliyefungua na kufunga mabomba, alikuwa na nakala yake mfukoni. Kama jina lako lilikuwemo, ulipata maji. Kama halikuwemo, hata ungelia machozi ya damu, Antony hakukufungulia. Hakuwa mtu mbaya. Alifuata karatasi kama alivyoambiwa.

Kompyuta ile ilikuja na kidude kidogo katikati ya herufi. Kidude hicho ndicho kilichosogeza mshale kwenye skrini. Mwaka wa pili kidude kikafa. Ikabidi muungano ununue kipanya, kile kidude cha kushika mkononi, chenye waya kama mkia. Vijana walikiita mausi. Wazee walikiita mbia, yaani panya kwa Kimeru, na kila walipolitaja jina hilo walicheka.

Mwenyekiti wa muungano, Mzee Mwongera, alikwenda dukani pamoja na Kaari. Alivaa koti na kofia. Mwenye duka aliweka vipanya viwili juu ya kaunta.

Cha kwanza kilikuwa kidogo. Kilijaa kwenye kiganja tu. Mgongo wake ulikuwa sawa pande zote mbili, na waya wake ulikuwa mfupi. Cha pili kilikuwa kikubwa. Kilikuwa na nundu, tena kimepinda upande mmoja, kimechongwa kwa ajili ya mkono wa kulia.

Mzee Mwongera alikishika kile kidogo kwa vidole viwili.

"Hii ni mtoto ya panya," alisema. "Muungano ya watu mia sita inunue kitu kama hii? Wageni wakikuja wataona nini?"

"Mzee, kidogo ni rahisi kubeba," Kaari alisema kwa sauti ya chini.

"Wewe ni kijana. Utabeba tu ile kubwa."

Mzee alipogeuka kuzungumza na mwenye duka, Kaari alikichukua kile kidogo kwa mkono wa kushoto. Akakisukuma kwenye kaunta. Kilitulia mkononi mwake kana kwamba kilipimwa kwake. Angeweza kusema. Angeweza kusema, "Mzee, mimi ndiye nitakayefanya kazi nacho." Lakini Mzee Mwongera aligeuka, na Kaari akakiweka chini haraka, akauficha mkono nyuma ya sketi.

Plagi ya kile kikubwa ilikuwa ya mviringo. Tundu la kompyuta lilikuwa pana, lenye pini tisa. Mwenye duka hakujali. Alitoa adapta, kipande cha kuunganisha, akasema, "Hii itaingia tu." Iliingia. Mzee Mwongera akasaini karatasi, wakaondoka na kipanya chenye nundu.

Sasa nikueleze habari ya ule mkono.

Kaari alizaliwa na mashoto. Kijiko alikishika kwa kushoto. Jiwe alilitupa kwa kushoto. Mama yake, Ciakuthii, alikuwa mtu wa Mbeere aliyeolewa Mitunguu, mgeni kati ya wakwe. Siku moja Kaari alimpa babu kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto. Babu hakukipokea. Wanawake wakaguna. Mmoja akasema kwamba wake wanaotoka mbali hawajui kufunza watoto adabu.

Asubuhi iliyofuata Ciakuthii alichuna kamba kwenye mgomba mkavu. Akaufunga mkono wa kushoto wa mtoto wake kiunoni. Alifanya hivyo kila siku, muhula mzima, Kaari akiwa na miaka sita.

"Nakufunga kwa sababu nakupenda," alimwambia kila alipofunga fundo. "Sitaki watu wakudharau kama wanavyonidharau mimi."

Kaari alijifunza. Aliandika kwa kulia. Alisalimia kwa kulia. Lakini kuchagua mawe kwenye maharagwe, kutia uzi kwenye sindano, kazi zote ndogo zinazotaka vidole vyenye akili, alizifanya kwa kushoto, akiwa peke yake. Na mbele ya wazee mkono huo ulirudi kiunoni wenyewe, bila kamba.

Basi fikiria kazi yake ilivyokuwa. Ofisini, akiwa peke yake, alikishika kile kipanya kwa kushoto, na nundu ikamchoma kiganja. Mbele ya wakulima alikishika kwa kulia, na mkono wa kulia haukukijua. Mshale ulikwenda ulikotaka wenyewe. Njiani, begi likirukaruka, adapta ililegea. Waya mrefu ulijifunga kwenye kila kitu. Kaari alivumilia. Tulifunzwa kuvumilia vitu vingi ambavyo tungeweza tu kuvikataa.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, Kaari aliweka meza kwenye veranda ya stoo ya ndizi, Mitunguu. Jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa imekataa tangu mwaka uliopita, na kila mtu aliyategemea maji ya bomba. Upepo ulileta vumbi. Wazee walisimama nyuma ya Kaari, wakiangalia skrini juu ya mabega yake.

Mkulima mmoja, Muturi, alikuja na kofia mkononi.

"Karani, Jumanne mimi niko hospitali kila wiki, mambo ya sukari," alisema. "Nisaidie, uniweke Ijumaa."

"Sawa, mzee."

Kaari alilishika jina la Muturi kwa mshale, kwa mkono wa kulia. Akaanza kuliburuta kutoka Jumanne kwenda Ijumaa. Mshale ukakwama. Akasukuma zaidi. Ukaruka. Jina la Muturi likaanguka mahali fulani kwenye safu ya Ijumaa. Kompyuta ikaandika swali kwenye skrini. Iliuliza kama Kaari anataka kufuta kilichoko hapo na kuweka kipya.

"Harakisha, karani," Mzee Mwongera alisema. "Watu wamesimama kwa jua."

Kaari hakulisoma lile swali. Alibonyeza ndiyo.

Muturi alishukuru akaenda. Mwingine akaja. Kisha mwingine. Jioni Kaari alifunga kompyuta, na kesho yake akachapisha karatasi. Hakuisoma. Majina yalikuwa mengi, naye alikuwa amechoka.

Jumatatu aliitwa Ruiri, ambako kikundi kipya kilikuwa kinaandikishwa. Kazi ilikuwa nyingi. Kutoka Ruiri alipelekwa Mikinduri. Ilipita wiki sita kabla hajakanyaga Mitunguu tena.

Alipofika, aliona migomba ya nyumbani kwao kabla hajaona nyumba.

Ilikuwa imelala. Mingine ilikuwa imevunjika katikati, majani yamening'inia kama nguo chakavu. Mikungu iliyokuwa imetoka ilikuwa imekauka, ndizi nyembamba kama vidole vya mtoto. Ile ilikuwa migomba ya baba yake. Aliipanda mwaka aliokufa, akiwa mgonjwa, akipumzika kila baada ya shimo moja. Ng'ambo ya ua, migomba ya Muturi ilikuwa ya kijani.

Ciakuthii alikuwa ameketi mlangoni, akipepeta mtama. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

"Mama, migomba imefanya nini?"

"Imekunywa jua."

"Na zamu yako ya Ijumaa?"

"Antony alisema simo kwenye karatasi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja mara ya mwisho."

Kaari alikaa chini, kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisi.

"Mama! Kwa nini hukusema? Kwa nini hukumwendea mwenyekiti?"

Ciakuthii aliendelea kupepeta.

"Nimwambie nini? Karatasi imeandikwa na mtoto wangu. Nikilalamika, watasema Ciakuthii anataka maji ya upendeleo. Mimi sikuzaliwa hapa. Hawangojei sana kunisema."

"Ungeniletea neno mimi!"

"Wewe?" Mama aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Nilidhani ni wewe uliyenitoa."

"Nikutoe, mama?"

"Nilidhani maji yamepungua, na umemtoa mama yako kwanza, ili watu wasiseme unapendelea. Nikasema, sawa. Huyu ni mtoto mwenye haki, nilimfunza mwenyewe. Nikachukua ndoo, nikawa nateremka mtoni. Sukuma wiki nimeiokoa. Migomba ilinishinda."

Kaari alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, kama mtoto, mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Kilichomuuma zaidi si migomba. Ni kwamba mama yake aliteremka mtoni wiki sita, huku akimsifu.

Alikwenda stoo, akaisoma karatasi mlangoni. Ijumaa, saa mbili asubuhi: Muturi. Mahali hapo, tangu mradi uanze, palikuwa pa Ciakuthii. Jina la Muturi lilikuwa limeangukia juu ya jina la mama yake, na kompyuta ikaruhusiwa kulifuta.

"Madam, mimi nilifuata listi," Antony alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama alikuja mara moja tu. Nikamwambia haumo. Akasema asante, akaenda."

"Najua, Antony. Ulifuata nilichoandika."

Palepale Kaari alichukua kalamu. Aliliandika jina la mama yake kwenye karatasi, na chini yake akatia sahihi. Mzee Muturi mwenyewe alikuja mbio akasema wagawane saa hizo mpaka karatasi mpya itoke. Alikuwa na haya usoni, ingawa hakukosa lolote.

Jumanne Kaari alibeba kompyuta na kipanya chake mpaka Embu mjini. Huko kulikuwa na fundi aliyeitwa Ireri. Alianza kwa kutengeneza taipureta, na taipureta zilipoanza kupungua akajifunza kompyuta. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vitabu. Kila mahali palikuwa na skrubu ndani ya vikopo vya majani ya chai.

Kaari alimweleza yote. Hakujificha. Alimpa risiti ya kipanya kwa mkono wa kushoto, akashtuka, akaihamishia kulia.

Ireri aliona. Alikigeuza kipanya tumbo juu. Akazungusha pete ndogo, ikafunguka, gololi ya mpira ikaangukia kiganjani mwake.

"Angalia hapa ndani, dada. Unaona hizi rola tatu?"

Kaari aliinama. Rola zilikuwa zimevishwa uchafu mweusi, mzito, kama nta.

"Gololi ikizunguka, inazungusha rola. Rola zinaambia kompyuta mshale uende wapi. Sasa hii vumbi imeshika rola. Gololi inateleza. Mshale unakwama, halafu unaruka. Ulikuwa unasafisha mara ngapi?"

"Sikujua inafunguka."

"Hawakukuambia dukani?"

"Hawakuniambia lolote."

Ireri alikwangua uchafu kwa ukucha. Akaipangusa gololi kwa kitambaa kikavu. Kisha akaishika ile adapta, akaitikisa. Ilicheza.

"Na hii ndiyo ugonjwa ya pili. Mtu wa kusafiri asibebe kipande juu ya kipande. Kabla ya kununua mausi, angalia shimo ya kompyuta yako. Kama ni ya mviringo, nunua ya mviringo. Kama ni ya pini tisa, nunua ya pini tisa. Beba kompyuta uende nayo dukani. Usikubali kuambiwa itaingia tu."

"Basi niondoe adapta."

"Ngoja. Kwanza niambie, unatumia mkono gani?"

"Wa kulia," Kaari alijibu upesi.

Ireri alicheka kidogo, bila ubaya.

"Dada, umefungua begi kwa kushoto. Umenipa risiti kwa kushoto, halafu ukajirekebisha. Hapa ni karakana, si nyumba ya wakwe. Mkono gani?"

Kaari aliutazama mkono wake. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, na swali dogo kama hilo likamwia gumu.

"Wa kushoto," alisema mwisho.

"Sasa umenisaidia kazi. Hii yenye nundu imetengenezewa mkono wa kulia. Wewe ukiishika kwa kushoto inakuumiza. Ukiishika kwa kulia unaikosa. Ni kama kuvaa viatu vya mtu mwingine kwenda Mikinduri na kurudi."

Alivuta sanduku chini ya meza. Akatoa vipanya vitatu vidogo, akavipanga mbele yake.

"Shika hii."

Cha kwanza kilikuwa kidogo mno. Vidole vya Kaari vilijikunja juu yake kama kucha za kuku.

"Hii hapana," Ireri alisema. "Watu husikia ndogo, wananunua ile ndogo kabisa. Ukifanya kazi nayo siku nzima, mkono unakufa ganzi. Kiganja kilale, vidole vinyooke. Shika ile ingine."

Cha pili kilikuwa sawa pande zote mbili, kama kile cha dukani. Kiganja kililala. Vidole vilinyooka. Plagi yake ilikuwa pana, ya pini tisa. Ireri aliichomeka, akaikaza kwa skrubu zake mbili ndogo, kisha akaiwasha kompyuta.

"Kwanza chomeka, halafu ndiyo uwashe. Sasa bonyeza."

"Vitufe vimegeuka, fundi. Kidole changu cha kwanza kiko kwenye kile kingine."

"Kweli. Lakini kompyuta inakubali kugeuzwa. Ingia hapa kwenye mipangilio. Hapa. Mwambie wewe ni mtu wa kushoto."

Kaari alitazama. Kwenye skrini palikuwa na maneno mawili tu, kulia na kushoto, na mahali pa kuchagua. Watu wa mbali, wasiomjua, walikuwa wameacha nafasi kwa ajili ya mkono wake. Alichagua kushoto. Akaburuta jina moja kutoka Jumanne hadi Ijumaa. Lilikwenda moja kwa moja, likatua pale alipotaka.

Alirudia mara ya pili. Mara ya tatu akaanza kulia tena.

"Kingekuwa hiki tangu mwanzo," alisema, "migomba ya baba ingekuwa imesimama."

Ireri alifuta mikono yake kwa kitambaa. Alikuwa mtu mpole, lakini hakuwa mtu wa kudanganya.

"Dada, nisikuuzie mausi nikakuuzia na uwongo. Hii itakusaidia. Haitaruka, kama utasafisha kila wiki. Waya ni mfupi, haitajifunga. Usizungushe waya kwa nguvu, itakatika ndani. Ukichomoa, shika kichwa cha plagi, usivute waya. Usiifanyie kazi kwa mbao yenye nyufa, weka chini yake kitabu cha jalada gumu. Lakini kompyuta ilikuuliza swali."

"Iliuliza."

"Na ulijibu."

"Nilijibu bila kusoma."

"Hiyo hakuna mausi inaweza kutibu. Swali likija, mkono utoke kwa mausi. Soma, halafu ujibu. Na mkimaliza, wasomee watu majina yote kwa sauti. Karatasi haisikii, lakini watu wanasikia."

Kaari aliondoka Embu na kipanya kidogo ndani ya soksi safi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kukitia.

Ijumaa wakulima walijaa kwenye veranda. Habari ilikuwa imeenea. Kaari alisimama kabla ya kufungua kompyuta.

"Wazee, akina mama," alisema. "Jina la mama yangu lilitolewa kwenye karatasi. Hakulitoa Antony. Hakulitoa Muturi. Nililifuta mimi, kwa kutosoma, na kwa kutumia chombo ambacho sikukiweza, na nikaona haya kusema. Kama muungano unataka karani mwingine, nitaelewa."

Mzee Mwongera alikohoa.

"Ile mbia kubwa ilinunuliwa na nani?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma.

Watu waliangalia viatu vyao. Mzee Mwongera alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Tuendelee na kazi," alisema.

Kaari alikaa. Akaweka kitabu chake cha nyimbo za kanisa mezani, jalada gumu juu. Juu yake akaweka kipanya kidogo. Kisha, mbele ya wazee wote, akakishika kwa mkono wa kushoto.

Mzee Mwongera aliinama karibu na sikio lake.

"Karani. Huo mkono, mbele ya watu?"

"Ndiyo, mzee. Huu ndio unaojua kazi. Wa kulia nitakusalimia nao."

Alipomaliza, alisoma majina yote kwa sauti, siku kwa siku, saa kwa saa. Ilichukua muda mrefu. Wengine walipiga miayo. Lakini katikati mzee mmoja alisimama akasema jina lake limesomwa mara mbili. Na mjane mmoja wa chini, mwisho wa bomba, aliyekuwa amekaa kimya siku zote, alisema jina lake halijasomwa hata mara moja. Kaari aliwarekebisha palepale. Yule mjane alikuwa amekosa maji wiki hizo zote. Naye hakuwa amemwambia mtu.

Tangu siku hiyo, orodha haikuondoka Mitunguu wala Ruiri wala Mikinduri bila kusomwa kwa sauti. Kila Jumamosi Kaari alifungua tumbo la kipanya, akapangusa gololi, akakwangua rola. Mpaka mwaka ukaisha, hakuna jina lililopotea tena. Mzee Mwongera alianza kuwaambia wageni kwamba muungano wake unatumia mausi ya kisasa, ndogo, ya safari. Aliwaambia kwa majivuno, kana kwamba ni yeye aliyeichagua.

Migomba ya baba haikurudi. Ciakuthii aliikata yote kwa panga. Kutoka kwenye mashina machache yalitokea machipukizi, na maji ya Ijumaa yakayafikia. Ilikuwa migomba mingine sasa. Mama alisema hivyo mwenyewe, na Kaari hakumbishia.

Ijumaa moja, Kaari akijiandaa kwenda stoo kazini, mama yake alimwita mlangoni. Alikuwa ameshika kitu kidogo. Kilikuwa kimfuko kilichosukwa, chenye kifuniko na kifungo cha mbegu.

"Niliona unaitia hiyo mbia yako kwenye soksi," alisema. "Watu wataniuliza kama sina mikono."

Kaari alikiangalia kile kimfuko. Kamba zake zilikuwa za kahawia, laini, zimechunwa kwenye mgomba mkavu. Alijua ni mgomba upi. Na kamba za namna hiyo alizijua tangu akiwa na miaka sita.

Alinyoosha mkono wa kulia, kama alivyofunzwa. Mama hakukiachilia kimfuko.

"Na ule mwingine," Ciakuthii alisema.

Kaari alisita. Kisha akanyoosha wa kushoto. Mama yake aliushika kwanza kwa muda, akipapasa mahali kamba ilipokuwa ikipita kwenye kifundo.

"Nilifunga ule uliokuwa mzima," alisema.

Akakiweka kimfuko kwenye kiganja hicho, akavikunja vidole vya mtoto wake juu yake. Kisha akachukua jembe akaenda shambani, kwa sababu ilikuwa karibu saa mbili, na siku hiyo maji yalikuwa yake.